Glavu Nyeupe Saa Nne Asubuhi

"Toka hapo dirishani, Leontina. Kioo hakitakuletea mtu."

"Simtafuti mtu, mama. Natazama mvua."

"Mvua umeitazama tangu Alhamisi. Ni ile ile."

Leontina Arancibia hakubanduka. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo baridi, pumzi yake ikakitia ukungu, akakifuta kwa kiganja. Chini huko, mahali ambapo siku nyingine ungeiona bandari nzima ya Valparaíso, meli moja moja mpaka kamba zake, leo hapakuwa na kitu ila weupe. Upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma siku tatu bila kupumzika. Uling'oa mabati mlimani kwao Artillería, ukavunja gati la mbao, ukarusha mashua mbili juu ya reli ya treni. Alfajiri ya Jumapili hiyo ulitulia, na nyuma yake ukaja ukungu mzito pamoja na manyunyu.

Na manowari Tronador, iliyotoka Jumanne kwenda mazoezi ya mizinga na kutakiwa kurudi Alhamisi, haikuwa imerudi. Au ilikuwa imerudi na ukungu ukaificha. Kulikuwa na "au" ya tatu pia, lakini hiyo Leontina hakuthubutu kuimaliza hata moyoni.

Jikoni, mama yake alikuwa akikaanga sopaipilla, maandazi bapa ya boga, kama alivyofanya kila mvua kubwa. Doña Clorinda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyevaa nyeusi kwa miaka kumi na moja mpaka mlima mzima ukasahau kwamba zamani alipenda zambarau. Mumewe, Kapteni Arancibia, alizama na meli yake katika Ghuba ya Penas, kusini kabisa, na hakukuonekana hata kofia. Tangu hapo Doña Clorinda alikuwa na amri moja tu katika malezi: binti yake aolewe na mtu yeyote mwenye viatu vikavu.

"Leo ndiyo siku uliyompa," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Mpaka saa ngapi?"

"Sikumtajia saa, mama. Nilimwambia Jumapili."

"Ungemtajia. Mwanamaji usipomtajia saa, haendi popote."

Leontina alitaka kucheka, hakuweza. Akaondoka dirishani, akazunguka jiko la makaa lililowekwa katikati ya sebule, akapanga viti vilivyokuwa vimeshapangwa, akarudi dirishani pale pale. Mikono yake ilikuwa haina kazi, na mikono isiyo na kazi ni adui wa mtu mwenye mawazo.

Alikuwa amempa Evaristo Lizana wiki moja achague.

Ilikuwa Jumapili iliyopita, pale getini. Evaristo alikuja akipanda ngazi mbilimbili, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, luteni wa Jeshi la Wanamaji la Chile, akihema kama mtoto aliyetoka shule na habari njema. Alikuwa amepewa meli. Meli yake mwenyewe! Chombo kidogo cha doria kiitwacho Chucao, kituo chake Punta Arenas, kule kusini kabisa, kazi yake kuwapelekea chakula walinzi wa minara ya taa na kuvuta meli zilizokwama katika Mlangobahari wa huko. Kilikuwa kidogo, ndiyo, na kilikuwa na kutu, lakini nahodha wake angekuwa yeye.

"Tangu nina miaka kumi na mitatu, Tina," alimwambia, akimshika mikono yote miwili. "Tangu baba aliponileta kutoka Chillán na sanduku la mbao, nikaingia chuo cha wanamaji sijawahi kuiona bahari. Nimezunguka dunia na meli ya mafunzo nikitapika kuanzia hapa mpaka Lisbon. Nimekaa majira manne ya baridi kule kwenye mifereji ya kusini nikitupa bildi kupima kina, vidole havisikii kitu, ili wengine wapate ramani. Miaka yote hiyo nimesema 'ndiyo, Kapteni'. Sasa kuna watu watakaoniambia mimi."

Macho yake yaliwaka. Ni macho hayo hayo Leontina aliyoyapenda tangu siku ya kwanza, kwenye dansi la Septemba, alipomkanyaga mguu, akaomba radhi, akamkanyaga tena. Lakini siku hiyo getini aliyatazama akaona kusini. Akaona Ghuba ya Penas. Akamwona baba yake akishuka ngazi zile zile na begi lake la turubai.

"Mjomba Ramiro ana kazi bandarini," alisema kwa sauti aliyoishangaa mwenyewe. "Ofisini. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ameshasema atakupa."

"Tina, hukunisikia? Nimepewa meli."

"Nimekusikia. Chagua."

"Nichague nini?"

"Hiyo meli au mimi. Nakupa mpaka Jumapili ijayo. Na usirudi kwangu na sare hiyo, Evaristo. Nimeshaichoka sare hiyo."

Evaristo alivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa vidole viwili, akashuka ngazi. Safari hii alishuka moja moja.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Leontina kwake. Kwa siku tatu za dhoruba Leontina alikuwa akiyasikia: kitandani, mezani, kanisani wakati padre akihubiri mambo mengine kabisa. Usirudi kwangu na sare hiyo. Mtu mwenye akili timamu anamwambiaje hivyo mwanamume anayekwenda baharini?

*

Ilikuwa karibu saa nne mlango wa nyuma ulipofunguliwa bila hodi, na jirani yao Misia Pascuala akaingia na aproni yake na unga mikononi. Mwanawe pekee alikuwa fundi wa mashine katika Tronador. Huyu Misia Pascuala kwa kawaida aliingia akiongea na kutoka akiongea. Leo alisimama jikoni kimya.

"Una nini?" Doña Clorinda aliuliza.

"Kuna kapteni anapanda."

"Kapteni gani?"

"Simjui. Nimemwona kwenye kona ya chini. Anapanda kwa miguu, Clorinda. Ana sare rasmi. Upanga. Glavu nyeupe."

Doña Clorinda aliondoa sufuria motoni. Alifanya hivyo taratibu, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, na uso wake ukabadilika rangi, ukawa wa kijivu.

Mtu wa mlima mwingine asingeelewa. Lakini Artillería ulikuwa mlima wa wanamaji. Kila nyumba ya tatu ilikuwa na mtu baharini. Siku za sherehe maofisa walishuka na sare rasmi, hawakupanda nayo. Ofisa mwenye upanga na glavu nyeupe, anayepanda ngazi peke yake kabla ya saa sita mchana, hubeba habari ya aina moja tu. Wanawake walimjua kwa mbali. Wakimwona walifunga madirisha, wakasimama nyuma ya mapazia, na kila mmoja akaomba Mungu apite kwake aende kwa mwenzake, halafu akaomba msamaha kwa kuomba hivyo.

Wote watatu walisongamana dirishani. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, na ngazi ndefu za mawe zilionekana mpaka mbali chini ya nyumba ya Misia Pascuala, iliyokuwa ya pili kutoka kwao kwa chini. Madirisha yalikuwa yakifungwa, moja baada ya jingine, pa, pa, pa, kufuata hatua za yule mtu. Naye alipanda polepole, mnene, mwenye ndevu za mvi, akipumzika kila ngazi kumi. Glavu zake zilikuwa nyeupe kweli.

Alifika mbele ya nyumba ya Misia Pascuala. Akasimama.

"Bikira Maria," alisema Misia Pascuala. "Bikira Maria, hapana. Hapana. Hapana."

Leontina alimshika bega. Kapteni alitoa karatasi mfukoni, akaisoma, akatazama namba ya mlango, akaikunja karatasi. Kisha akaanza kupanda tena.

"Amepita!" Misia Pascuala alipiga kelele. "Amepita kwangu! Si mwanangu, Clorinda, si wa..."

Akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga. Furaha ilikuwa imeshamtoka na haikurudishika. Alimtazama Leontina, machozi yakamwagika, na hakuna aliyejua yalikuwa ya nini.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nisamehe jamani."

Leontina hakumsikia vizuri. Alikuwa akihesabu. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mshona viatu, hakuna mwanamaji pale. Juu yake ilikuwa nyumba yao. Na Evaristo hakuwa na ndugu Valparaíso. Mama yake alikuwa Chillán, mwendo wa siku nzima kwa treni. Kama kulikuwa na mtu wa kuambiwa katika mji huu, ni yeye.

Geti lilifunguliwa likilia.

"Usifungue, mama."

"Leontina..."

"Usimfungulie! Asipolisema halijatokea."

Akakimbia. Akaingia chumbani kwake, akatia komeo, akakaa sakafuni na mgongo wake ukiegemea mlango. Alisikia mlango wa mbele ukigongwa mara tatu. Alisikia mama yake akifungua. Akajiziba masikio kwa nguvu zote, asisikie neno lolote.

Msomaji, kuna kilio cha machozi na kuna kilio kikavu, na hiki cha pili ndicho kibaya. Leontina hakutoa machozi. Alikaa pale, na mambo yakawa yanampitia moja moja, kwa utulivu wa kutisha. Kwamba Evaristo hatamkanyaga tena mguu. Kwamba watamzika na sare ile aliyoikataza, kama kuna wa kuzikwa. Kwamba kesho atakwenda dukani kununua kitambaa cheusi, na muuzaji atamuuliza, umefiwa na nani? Naye atajibu nini? Hakuwa mke. Hakuwa mchumba wa kutangazwa. Wajane wa meli wangekaa safu ya mbele kanisani wakishikana mikono, na yeye angekaa nyuma na watazamaji, msichana fulani aliyekuwa akitembea na luteni fulani.

Hapo ndipo lilipompiga lile jambo. Alikuwa amekataa kuolewa na mwanamaji ili asije akafiwa kama mama yake. Na sasa amefiwa. Amefiwa vile vile, kwa uchungu ule ule, ila mikono mitupu: hana hata asubuhi moja ya kukumbuka wakinywa kahawa pamoja katika nyumba yao.

"Evaristo," alisema polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba hicho hicho. "Evaristo, rudi. Rudi na sare yako."

Mlango uligongwa nyuma ya mgongo wake.

"Leontina, fungua. Mzima. Hana neno."

Ilikuwa sauti ya mama yake, na ilikuwa ya ajabu, kama inataka kucheka.

"Niache, mama."

"Mzima, nakuambia! Ni kosa tu. Huyu mtu amekuja..."

"Usinidanganye! Hata baba uliniambia amechelewa. Mwezi mzima uliniambia amechelewa, nikawa nampangia sahani mezani. Usinifanyie tena."

Hilo lilikuwa kweli. Halafu zikasikika hatua nzito, upanga ukagonga ukuta, na mwanamume akakohoa.

"Binti," ilisema sauti nene, yenye aibu. "Mimi ni Kapteni Florencio Bascur, wa Tronador. Tumetia nanga saa kumi na moja alfajiri. Luteni Lizana, saa mbili asubuhi hii, amekula mayai manne, na amemwambia mpishi wangu kwamba kahawa yake ni maji ya kuoshea soksi. Maiti, binti, hali mayai manne."

Leontina alibaki amekaa. Kisha machozi, yale yaliyokuwa yamekataa, yakaja yote kwa pamoja.

*

"Mtu mzima wewe," Doña Clorinda alikuwa akisema Leontina alipotoka. "Mtu wa mvi. Unavaaje upanga, saa nne asubuhi, unapanda mlima huu baada ya dhoruba ya siku tatu?"

Kapteni Bascur alikuwa amekaa kando ya jiko la makaa, sare yake ikitoa mvuke, sopaipilla mkononi asijue kama anaruhusiwa kuila. Hakuwahi kuoa, na hakuwahi kupeleka habari ya kifo nyumbani kwa mtu. Katika maisha yake yote hakupoteza hata baharia mmoja. Haya ya mapazia hakuyajua.

"Nimekuja kuposa, bibi. Luteni hana baba. Desturi ni kamanda wake amposee badala ya baba. Na kanuni inasema kuposa ni kwa sare rasmi."

"Na kifo?"

Kapteni alifikiri. Akaiweka sopaipilla chini.

"Kwa sare rasmi," alisema. "Mungu wangu. Ndiyo maana walikuwa wanafunga madirisha. Nilidhani ni upepo."

Misia Pascuala, aliyekuwa bado kwenye kona, aliangua kicheko kikubwa kisicho na adabu, akaketi akijipepea na aproni. Hata Doña Clorinda aliuma mdomo. Lakini alijikaza haraka.

"Haya. Umeposa. Jibu langu unalijua. Binti yangu haolewi na mwanamaji."

"Najua, bibi. Luteni ameniambia. Ndiyo maana nimeleta na hii." Alimgeukia Leontina, akainuka, akatoa bahasha kifuani. "Ni barua yake ya kujiuzulu, binti. Alinipa Jumatatu. Nilitakiwa kuipeleka makao makuu siku hiyo hiyo. Nimekaa nayo siku sita, na hilo ni kosa langu jingine. Nilitaka kwanza nimwone mtu ambaye kwa ajili yake anaiacha Chucao. Nina maofisa wengi wanaojua kuamuru. Anayeijua mifereji ya kusini kama Lizana sina. Lakini sikuja kukusihi. Ukisema iende, kesho saa tatu itafika. Ukisema isiende, ni karatasi tu."

Akaiweka bahasha mezani. Akarudi kukaa, akaila sopaipilla yake yote kwa mkupuo mmoja.

Leontina aliitazama ile bahasha asiiguse. Kwa hiyo Evaristo alikuwa ameshachagua. Alikuwa amemchagua yeye, Jumatatu, kabla hata ya kutoka na meli. Wiki nzima alikuwa ameshashinda na hakujua. Mbona basi ushindi huu haukumfurahisha?

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Zamu. Inaisha saa tano. Nilimkataza asije mpaka nimalize."

"Nitamsubiri nje."

"Mvua hiyo!" mama alisema.

"Najua, mama. Nimeitazama tangu Alhamisi."

*

Alimkuta njia panda ya ngazi, akipanda mbilimbili, bila mwavuli, shingo imeloa. Evaristo alipomwona alisimama ghafla. Alikuwa na sare. Akaitazama mwenyewe, kifuani, akashituka.

"Tina, nisamehe, sina nyingine hapa, nguo za kiraia ziko..."

Hakumaliza. Leontina alikuwa ameshamfikia, amekamata kola yake kwa mikono miwili, na uso wake umezama kwenye lile koti bichi lililonuka chumvi na moshi wa makaa ya mawe. Alimshika kama mtu anayekagua: mabega, mikono, sikio moja, sikio la pili.

"Kuna nini? Kapteni amekwambia nini?"

"Ulikufa," Leontina alisema. "Leo asubuhi ulikufa. Robo saa nzima."

"Nani kasema?"

"Glavu zake."

Evaristo akaelewa, maana naye aliwahi kuishi mlimani huu alipokuwa mwanafunzi, na damu ikamtoka usoni.

"Yule mzee!" alisema. "Nilimwambia aende jioni! Tina, kipenzi, pole. Pole sana. Ndiyo unaona? Ndiyo maana niliandika. Hutakaa tena usubiri glavu za mtu. Nitakwenda kwa mjomba wako. Saa mbili mpaka saa kumi. Nitakuwa nakuja kula mchana."

"Nimeiona barua. Unaitaka hiyo kazi?"

"Nakutaka wewe."

"Sikuuliza hilo."

Mvua iliwachuruzika. Evaristo alitazama pembeni, kule chini ambako ukungu ulikuwa umepasuka, na manowari ikaonekana, nyeusi, ndogo. Hakujua kwamba ameitazama. Leontina aliona alivyoitazama, na moyo wake ukamuuma kwa mapenzi na kwa hofu.

"Siitaki," alisema hatimaye. "Siwezi kukudanganya. Niliiandika mara tano ndipo nikaweza kuitia sahihi. Lakini nitaizoea, Tina. Nakuapia, hutasikia siku moja nalalamika."

"Ndicho ninachokiogopa. Kuishi na mtu asiyelalamika." Alivuta pumzi. "Sikiliza. Nilidhani nisipoolewa na mwanamaji sitafiwa na mwanamaji. Ujinga gani huo? Nimefiwa leo, Evaristo. Ningekuwa na haki ya kulia mbele za watu ungekuwa mume wangu. Sikuwa na kitu. Bahari ikikutaka, haitauliza kama tumefunga ndoa. Basi kama itakuchukua, imchukue mume wangu. Isimchukue kijana niliyemfukuza getini."

"Tina..."

"Chucao inaondoka lini?"

"Tarehe tano Septemba. Lakini Punta Arenas ni baridi, hakuna dansi, upepo unaangusha watu barabarani..."

"Nitaanguka. Utaniinua. Tutafunga ndoa Agosti, na tutaondoka pamoja. Sitaki kusubiria dirishani hapa na wewe uko kule. Nikisubiri, nitasubiria karibu."

Evaristo alimbusu hapo hapo ngazini, mchana kweupe, mapazia yote ya Artillería yakiwa wazi tena, na kutoka dirisha moja mwanamke fulani akapiga makofi.

*

Barua iliungua kwenye jiko la makaa, mbele ya watu wanne. Leontina aliitia mwenyewe. Kapteni Bascur alitazama dari wakati huo, kama mtu asiyeona uharibifu wa mali ya serikali.

Doña Clorinda alikuwa amesimama wima, mikono ameifumbata, na Leontina alipomtazama aliona kwa mara ya kwanza jinsi mama yake alivyo mzee, na jinsi nyumba hii itakavyokuwa kubwa ikibaki na mtu mmoja. Akamwendea.

"Mama, najua nakuacha."

"Unaniacha. Usiseme tena, nimesikia." Sauti yake ilikwaruza. "Nilikusikia pia kule nyuma ya mlango, ulivyokuwa ukimwita. Mimi sikumwita baba yako. Nilinyamaza kwa ajili yako, nikanyamaza miaka kumi na moja. Siwezi kukulazimisha unyamaze hivyo na mtu mwenyewe yuko hai."

Kisha akamgeukia Evaristo. Luteni aliyekuwa amesimama mbele ya mizinga bila kupepesa macho alirudi nyuma hatua moja.

"Nakupa binti yangu," alisema. "Lakini kwa sharti. Safari zote utakazokwenda, urudi mwenyewe. Usinitumie kapteni. Usinitumie mtu yeyote. Urudi mwenyewe na miguu yako, upande ngazi hizi. Niahidi."

Misia Pascuala aliacha kutafuna. Kapteni alitazama glavu zake. Leontina alimtazama Evaristo, na kwa macho alimsihi, sema tu, sema ndiyo, ni neno moja.

Evaristo alisogea mbele, ile hatua moja aliyorudi.

"Siwezi kuahidi, mama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nataka, lakini siwezi. Ningekuwa nakudanganya."

Doña Clorinda alimkazia macho. Halafu akavuta kiti, kile kilichokuwa mwisho wa meza, ambacho kwa miaka kumi na moja hakikukaliwa, akakisukuma kuelekea kwake.

"Kaa ule," alisema. "Mume wangu aliahidi."